Machapisho Niliyoyahifadhi Nitayageuzaje Kuwa Madondoo ya Utafiti?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika tasnifu kuhusu lugha ya vijana na nimehifadhi mamia ya machapisho katika Instagram na X, lakini ninapoyahitaji siyapati, au sikumbuki kwa nini niliyahifadhi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kitufe cha kuhifadhi hakikupi nakala, bali hukuelekeza tu mahali chapisho lilipo, na mwenyewe akilifuta unabaki mikono mitupu. Kwa hiyo nakili mapema maneno yenyewe, jina la akaunti, kiungo, tarehe ya kuchapishwa na siku uliyolisoma, kisha upige picha ya skrini.

Kazi yenyewe hasa, ambayo wengi huiruka, ni kuandika chini ya kila nukuu sentensi mbili za kwako. Usiandike “msamiati mpya”, kwani baada ya mwezi maneno hayo hayatakuambia kitu. Andika “kitenzi hiki hapa kinadharau, ilhali katika chapisho la Machi kinasifu”, na utaje dondoo hilo la Machi. Mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann (1927–1998) aliacha vikaratasi vipatavyo 90,000 alivyovihusisha kwa namba namna hiyo hiyo.

Yapange madondoo yako kwa maswali ya tasnifu yako, si kwa mitandao yalikotoka. Zotero, programu ya bure ya kutunza na kupanga marejeo, inakutosha. Yasiyojibu swali lolote yaache bila huruma. Nakusihi pia ufiche majina ya watu wa kawaida utakapochapisha, kwa maana hawakuandika wakitarajia kuchunguzwa.