Boga la Nazi Ukiwa Marekani: Tafuta Lenye Unga

Ikifika Septemba, masoko ya wakulima huku Massachusetts hujaa maboga ya kila sura: ya kijivu, ya kijani iliyokolea, yenye mistari, yenye chunjua. Wenzangu wengi waliotoka Kenya na Tanzania huyapita yote hayo wakachukua lile kubwa la rangi ya chungwa linalouzwa kwa ajili ya sikukuu ya Halloween. Wakifika nyumbani wanalitia tui, boga linatoa maji mpaka sufuria inajaa, kisha wanasema maboga ya Marekani hayana ladha. Si kweli. Boga la Halloween linalimwa lichongwe na kuwekwa taa ndani. Nyama yake ina maji mengi na nyuzi tele. Ukitaka boga la nazi lenye hadhi yake, achana na rangi na ukubwa. Tafuta lenye unga.

Kwangu mimi linaloongoza ni Kabocha, boga la Kijapani. Ni la duara lililobonyea kidogo, ganda la kijani kibichi lenye michirizi iliyofifia, na kikonyo kikavu kigumu. Ndani ni manjano iliyokolea, na likiiva linamegeka kama kiazi kitamu kilichojaa unga. Maduka ya vyakula vya Kiasia huwa nalo karibu mwaka mzima. Ganda lake linalika, kwa hiyo usihangaike kulimenya. Lioshe vizuri tu, likate vipande vikubwa, uvipange kwenye sufuria ganda likiwa chini. Tia tui jepesi lifike nusu ya vipande, lisizidi hapo, pamoja na iliki iliyotwangwa na chumvi kidogo. Funika, moto wa wastani. Kisu kikianza kuingia bila kusukumwa, mimina tui zito na sukari kidogo, ukiionja kwanza, maana Kabocha lililokaa vizuri lina utamu wake. Kuanzia hapo usitie mwiko. Shika masikio ya sufuria uitikise. Utaona kingo za vipande zinaanza kulainika na kuingia kwenye tui, na tui linakuwa zito lenyewe. Hapo epua.

Nimesema lililokaa vizuri kwa sababu hili ndilo watu wengi hawalijui. Boga la aina hii likitoka shambani lina wanga mwingi na sukari kidogo. Likikaa wiki kadhaa, wanga unageuka sukari na ladha inakolea. Kabocha lililovunwa juzi ni kavu na halina utamu; liache mwezi mmoja au zaidi mahali pakavu penye ubaridi wa wastani, nyuzi 10 hadi 13 hivi za Selsiasi, usiliweke kwenye friji. Chagua lenye kikonyo kizima na ganda lisilo na jeraha, kwa kuwa uozo huanzia hapo. Butternut nalo hunufaika kwa kukaa. Kwa wasiojua, Butternut hili tunalolinunua hata Nairobi lilizalishwa hapa hapa Massachusetts, katika mji wa Stow, na Charles Leggett miaka ya 1940. Ni zuri na halisumbui, ila kwenye nazi lipunguzie tui, kwa sababu lina maji kuliko Kabocha.

Kwa futari ya watu wengi, nunua Blue Hubbard. Jamii hii ya Hubbard nayo ni ya huku: James Gregory, muuza mbegu wa Marblehead, mji wa hapa Massachusetts, ndiye aliyeieneza katikati ya karne ya 19. Blue Hubbard ni kubwa, la kijivu cha samawati, limechongoka ncha zote mbili, na ganda lake gumu ajabu. Usilipige kwa kisu ukiwa umelishika mkononi, utajikata. Litoboe matundu machache, liweke zima kwenye oveni nyuzi 190 za Selsiasi mpaka ganda lilainike kiasi cha kukatika, kisha lipasue, toa mbegu, na umalizie mapishi unavyotaka. Uzuri wake mwingine ni kwamba linahifadhika miezi mitano au sita. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwa hiyo Hubbard uliyoinunua Oktoba kwa bei ya msimu inakufaa kabisa kwenye futari, pamoja na mihogo na viazi vitamu.

Maboga ya Delicata na Acorn usiyaweke muda mrefu hivyo, uyale mapema. Delicata ni jembamba, lina mistari ya kijani, na ganda lake ni laini. Likate pete, lipake mafuta na chumvi, lioke mpaka kingo ziwe za kahawia. Watoto hulipenda sana. Boga liitwalo Spaghetti lisikaribie nazi na sukari hata kidogo: nyama yake ni nyuzi za maji, nzuri kwa mchuzi wa nyama ya kusaga. Likate kwa upana, siyo kwa urefu, upate nyuzi ndefu, kwa sababu zimezunguka ndani.

Kama huna uhakika unapenda lipi, nunua madogo matatu ya aina tofauti, oka kipande cha kila moja kwenye treya moja bila chumvi wala sukari, uonje yakiwa moto, uonje tena yakishapoa. Utamu wa boga hujitokeza zaidi likiwa vuguvugu, na ukavu wake utaujua ulimini palepale.

Jambo moja la usalama. Kabla ya kupika boga lililoota lenyewe bustanini, au la mbegu ulizojiwekea, onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi. Likiwa chungu, tema, ulitupe lote. Uchungu huo unatokana na sumu iitwayo kukurbitasini. Kuchemsha hakuiondoi, na sukari haiifuti. Maboga huchavushana kwa nyuki, na ukipanda karibu na yale madogo ya mapambo, mbegu zinazofuata zinaweza kuzaa matunda yenye sumu hiyo. Kwa matunda ya kula, nunua mbegu mpya kila msimu, uzipande baridi ya jalidi ikishakwisha, mwishoni mwa Mei kwa huku. Na wakati unasubiri boga, chuma majani machanga, ondoa nyuzi za vikonyo, uyapike kwa nazi na nyanya.