“Ni ya jeshi” si jibu la maji

SWALI: Fundi, mimi ni mpima ardhi. Nilinunua laptopu ngumu iliyotumika, muuzaji akaniapia ni ya kijeshi, haiingii maji. Jana mvua imeninyeshea Kajiado, ikazima. Niifukie kwenye mchele? – Msomaji, Kitengela

JIBU: Mchele upike ule. Toa betri sasa hivi na usiijaribu tena kuiwasha, maana umeme ukipita kwenye unyevu ndio unaoila bodi. Ilete ifunguliwe, ioshwe kwa spiriti safi.

Sasa hilo la “kijeshi”. Ukipita Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, kila mashine yenye kona za raba ni ya kijeshi! Neno hilo hutolewa kwenye MIL-STD-810, mwongozo wa vipimo wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo la 810H ni la 2019. Wizara haimpi mtengenezaji cheti. Kampuni huchagua yenyewe vipimo itakavyofanya. Kile cha kuanguka ni mara 26 kutoka sentimita 122, na mashine hadi tano zinaruhusiwa kugawana hizo mara 26. Iliyoangushwa tu, isiguswe na tone la maji, bado itabandikwa 810.

Habari ya maji iko kwenye namba ya IP, kipimo cha jinsi kifaa kinavyozuia vumbi na maji. IP65: vumbi haliingii, na inastahimili maji ya kurushwa kwa mpira wa bomba, si kuzamishwa. Hayo yote ni vifuniko vikiwa vimefungwa na raba zikiwa hai. Fungua kifuniko cha USB, bonyeza raba kwa ukucha. Ikibaki na alama au ikipasuka, hiyo namba imeshakufa. Kisha hesabu skrubu za chini. Aliyeifungua kuongeza RAM (kumbukumbu) mara nyingi husahau moja, na tundu lake hupitisha maji.

Wanaonichosha zaidi ni wale “mafundi” wa silikoni ya madirisha. Wanapaka kila mwanya, pamoja na kitundu chenye utando wa kupumulia. Mashine ikipoa baada ya joto, inavuta unyevu popote penye upenyo, na ndani haukauki. Bodi za namna hiyo huletwa kwangu zimeota kijani, mwenyewe akiniambia alilipia “kuzibiwa”.

Simu na redio za walinzi zinauzwa kwa maneno hayo hayo. Muulize muuzaji IP ngapi, na raba zilibadilishwa lini. Akianza kukuonyesha rangi ya kaki, mwachie.