Anza kisimani: kwa mwalimu mgeni wa somo la vyanzo vya maji Unguja

Mwalimu mwenzangu, uliyekabidhiwa hivi karibuni wanafunzi wa sekondari uwafundishe habari za maji nje ya darasa, nakuomba usianze na mto. Mimi nilianza na mto, kwa sababu mwongozo niliokuwa nao uliandikwa kwa ajili ya nchi za milima na mito mirefu, nao ulielekeza kwamba wanafunzi waufuate mkondo kutoka chemchemi hadi baharini. Tulikifuata kijito asubuhi nzima mpaka tukafika penye maweni, na hapo maji yakaingia katika nyufa za mawe yasionekane tena. Wanafunzi waliniuliza yamekwenda wapi, nami sikuwa na jibu.

Dakio la maji ni eneo lote ambalo mvua inayonyesha juu yake huishia mahali pamoja. Magharibi ya Unguja, yenye udongo wa kina na miinuko kama ya Masingini, ambako msitu umehifadhiwa kwa ajili ya maji, mwanafunzi anaweza kuliona dakio kwa macho. Mashariki na kusini, mvua huzama moja kwa moja katika jiwe la matumbawe, na sehemu kubwa ya dakio imo chini ya miguu yetu. Mahali pa kuitazama sehemu hiyo ni kisimani.

Chukua kamba, ifunge fundo kila nusu mita, na mwisho wake uweke jiwe lililooshwa vizuri, kwa kuwa watu wanakunywa maji hayo. Pimeni kutoka ukingoni mwa kisima hadi usoni mwa maji, siku ile ile ya kila wiki, alfajiri kabla ya wachotaji kufika, kuanzia mwisho wa kaskazi, masika yote, hadi kipupwe. Wasisogee ukingoni zaidi ya wanafunzi wawili kwa wakati mmoja. Wataona wenyewe kwamba mara nyingi maji ya kisima hayapandi siku ile mvua inaponyesha, bali huchelewa, na kuchelewa huko ndiko kutakakowafanya waulize maswali yenye maana. Skuli ikiwa karibu na pwani, andikeni pia saa na hali ya bahari, kwani penye miamba yenye nyufa maji ya kisima hupanda na kushuka pamoja na bahari kujaa na kupwa. Mwaka mmoja tulifurahia kisima kilichopanda ghafla bila ya mvua, kumbe siku hiyo tulipima bahari ikiwa imejaa.

Kisha waelezeni kwa nini visima vya pwani huingia chumvi. Uzito wa lita moja ya maji ya bahari huzidi wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa takriban gramu 25, kwa hivyo maji baridi huelea juu yake, na kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo takriban mita 40 chini ya usawa huo. Darasani, tia maji ya chumvi yenye rangi katika bilauri, mimina maji baridi polepole juu ya kijiko ili yasichanganyike, halafu mwanafunzi avute maji ya juu kwa mrija. Akivuta kwa nguvu, rangi hupanda. Sijapata njia bora zaidi ya kuwaonesha madhara ya kuvuta maji ya kisima kupita kiasi.

Paa la skuli nalo linafaa sana, kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita 20 kwa 8 likipata milimita 10 limepokea lita 1,600, na wanafunzi watataka kujua zimekwenda wapi.

Mtakapofika mtoni, mtu yeyote asiingie majini. Katika safari ile ya kwanza niliwaruhusu wanafunzi wavue viatu na kuingia hadi magotini, jambo ninalolijutia hadi leo. Vimelea vya kichocho hutolewa na konokono wa maji baridi, huingia mwilini kupitia ngozi bila ya mtu kuhisi, na huwa vingi zaidi jua linapokaribia kichwani. Chota maji kwa ndoo yenye kamba, na vaeni glavu mnapoyashika. Kasi ya maji ipimeni kutoka ukingoni kwa chungwa, ambalo huelea sehemu yake kubwa ikiwa majini na halisukumwi sana na upepo: liacheni lipite mita 10 mara tatu, mtafute wastani wa kasi, kisha mzidishe kwa 0.85, kwani maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini.

Ruhusa ya sheha itafutwe mapema. Ukienda kwake, muulize pia ni mzee gani aliyeshuhudia kisima kikichimbwa, na wanafunzi waandike kina anachokikumbuka katika ukurasa wa kwanza wa daftari la vipimo. Daftari hilo libaki skuli kidato kinapohitimu, ili wanaofuata waendelee na kisima kile kile na kamba ile ile.