Michezo ya kumzoesha mtoto wa miaka 3 na nusu kutoyumba

Dada, umeuliza ucheze nini na mwanao wa miaka 3 na nusu anayeyumba akisimama kwa mguu mmoja. Kwa umri huo, sekunde mbili tatu zinatosha. Kurukaruka kwa mguu mmoja wengi huweza wakikaribia miaka 5. Kwa hiyo usimpe mazoezi, cheza naye.

Sokota kanga, uilaze sakafuni iwe daraja, pembeni kuna mamba. Mkipita kisigino kikigusa vidole, mwili unalazimika kujirekebisha kila hatua. Akizoea, arudi kinyumenyume, au abebe kikombe cha plastiki chenye maji (hii fanyieni nje, atamwaga tu). Na wewe upite, tena uanguke makusudi. Watoto wanapenda sana mamba akimla mama!

Kubeba kitu kichwani nako kuzuri: anza na kitambaa kilichokunjwa, baadaye kimfuko cha maharage. Awe peku, ili nyayo ziisikie sakafu vizuri. Akiyumba, mwambie akazie macho kitu kisichosogea, kama kitasa cha mlango. Kufumba macho ndiyo ngazi ngumu, maana anabaki kutegemea sikio la ndani (ndilo huhisi mwili ukiinama), misuli na nyayo. Hapo mshike mkono.

Dakika 5 zatosha, hata mkiwa mnasubiri uji upoe. Ila akianguka mara nyingi kuliko wenzake, au akishindwa alichokuwa anakiweza, mpeleke kliniki aangaliwe.