Maswali kwa Fundi: Klipu ya YouTube kwenye slaidi inagoma ukumbini

SWALI: Fundi habari za Kampala. Mi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari moja huku Arua. Tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani na hedimasta kanipa nusu saa ya prezentesheni mbele ya shule nzima. Nimetengeneza slaidi 12 kwa PowerPoint, slaidi ya 7 nimeweka klipu ya YouTube ya dakika 3, wazee wa Lamu wanasimulia habari za majahazi. Nyumbani inacheza vizuri kabisa. Juzi nimebeba faili kwa flashi nikajaribu ukumbini, slaidi zote zinafunguka ila ya 7 ni kisanduku cheusi tu. Na nilisevu kabisa! Video imeenda wapi? – Mwalimu, Arua

JIBU: Pole mwalimu, na umefanya la maana sana kujaribu mapema, wengi wanakuja kugundua siku yenyewe watu wamekaa.

Video haijaenda popote kwa sababu haikuingia kwenye faili tangu mwanzo. Ukibonyeza Insert, halafu Video, halafu Online Videos ukapesti linki, PowerPoint inachukua anwani ya ile klipu na picha yake ya juu, basi. Kila ukiicheza inarudi YouTube kuichukua upya. Nyumbani una intaneti kwa hiyo huoni tofauti, ukumbini hakuna ndo unabaki na kisanduku. Nimejaribu wiki hii kwa laptopu yangu ili nikueleze kitu nilichokiona: faili la slaidi lilikuwa MB 1.2, nikaweka linki ya YouTube nikasevu, likabaki MB 1.2 ile ile. Nikaifuta ile linki nikaweka klipu yenyewe ya dakika 3, likaruka mpaka MB 27. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani angalia uzito wa faili lako, kama lina video ndani halafu ni jepesi kama barua ujue umebeba anwani tu.

Sasa una njia mbili.

Ya kwanza ni kuipeleka intaneti ukumbini, yaani hotspoti ya simu yako. Inawezekana, dakika 3 kwa ubora wa 480p inakula kama MB 25 hivi, bando dogo tu linatosha. Lakini kajaribu ndani ya ukumbi wenyewe, usijaribie ofisini, maana chini ya mabati mtandao unabadilika, na siku yenyewe watoto na wageni wote wana simu kwenye mnara mmoja. Na ujue kwamba kinachocheza pale ni pleya ya YouTube, tangazo linaweza kutangulia, na ukiisimamisha katikati inaweza kukuletea video nyingine za kupendekeza ambazo hukuzichagua wewe. Mbele ya watoto mi sipendi kabisa hiyo. Halafu kuna wenye video wanaofunga zisichezwe nje ya YouTube, hapo hata ukiwa na intaneti ya kutosha haitacheza kwenye slaidi.

Ya pili, ambayo ndo nakushauri, ni kuwa na faili la video mkononi. Hapa naomba unisikilize vizuri kidogo. Zile tovuti za kushusha video za YouTube zipo tele na najua kila mtu anazitumia, ila masharti ya YouTube hayaruhusu kushusha video bila ruhusa, na zile unazohifadhi kwa app ya simu ukilipia Premium zinakaa ndani ya app, huwezi kuzitoa ukaziweka kwenye slaidi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 ina nafasi ya matumizi ya kufundishia, ndiyo, lakini hiyo haifuti masharti ya YouTube. Kwa hiyo fanya kitu ambacho watu hawafanyi: mwandikie mwenye video. Nenda kwenye chaneli yake, tafuta imeili, mwambie wewe ni mwalimu Arua, unataka kuwaonyesha wanafunzi Siku ya Kiswahili, anaweza kukutumia faili? Nimeshaandika barua za namna hiyo mara kadhaa na nimejibiwa, tena mtu anafurahi kusikia kazi yake imefika mbali hivyo. Akikutumia kwa WhatsApp mwambie aitume kama dokyumenti, sio kama video ya kawaida, maana ikipita kama video inabanwa na kwa projekta itaonekana ukungu mtupu. Kama hajibu, YouTube ina filta ya Creative Commons, tafuta nyingine humo. Hizo mwenyewe ameruhusu zitumike mradi umtaje, basi mwandike jina lake chini ya slaidi.

Ukishapata faili, Insert, Video, This Device, unalichagua. Iwe MP4, ile yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC, hiyo ndo haisumbui PowerPoint kuanzia ya 2013. Kama ni aina nyingine igeuze kwanza kwa HandBrake au VLC, zote ni programu za bure. Kuanzia PowerPoint 2010 klipu inaingia ndani ya faili lenyewe, lakini kama kompyuta ya shule bado ina 2007, na najua shule nyingi bado zinayo, hiyo haimezi video, inaunganisha tu, na MP4 haiichezi, inataka WMV, kwa hiyo weka klipu na slaidi kwenye folda moja kabla hujaingiza na uibebe folda nzima kwa flashi.

Faida nyingine ni kwamba sasa unaweza kuikata. Bonyeza video, nenda Playback, Trim Video, unavuta alama ya kijani na nyekundu. Kweli mwalimu, unahitaji dakika zote 3? Ningekuwa mimi ningechukua ile sehemu mzee anataja sehemu za jahazi, foromali, mlingoti, tanga, labda sekunde 50 hivi, nikasimamisha, nikawauliza watoto wa Arua ambao bahari hawajaiona wameelewa maneno gani, halafu ndo naendelea. Klipu ndefu inakunyang'anya darasa. Pale pale Playback kuna Start, weka Automatically ili usihangaike kutafuta alama ya kucheza na mausi.

Sasa jaribio. Zima data, zima waifai, chomoa modemu, halafu bonyeza F5 upitie slaidi zote. Ikicheza hapo ujue haitegemei tena intaneti. Na sauti usiisahau, ukichomeka waya wa HDMI laptopu mara nyingi inapeleka sauti kwenye projekta, na projekta nyingine hazina spika kabisa, unaona mdomo wa mzee unacheza bila neno. Bonyeza alama ya spika pale chini karibu na saa, chagua spika za laptopu au zile kubwa ulizochomeka.

Nasisitiza haya yote kwa sababu niliwahi kukaa kwenye semina moja ya wakunga huko Mbale, mtoa mada alikuwa na klipu ya kuonyesha jinsi ya kumshikisha mtoto titi vizuri, mdomo wazi, kidevu kikigusa ziwa. Linki tupu. Mtandao ukakataa, tukangoja kama dakika 10 tunatazama kile kiduara kinazunguka. Mwisho yule mama akavua leso yake akaikunja ikawa mtoto, akaonyesha kwa mikono yake. Alifundisha vizuri sana, lakini waliokaa nyuma hawakuona kitu na ile klipu ilitengenezwa kwa ajili ya hao hao.

SWALI: Fundi, mimi ni afisa ugani huku Kasese, nazungumza na vikundi vya wakulima vijijini ambako hata simu inashika kwa kupanda kilimani. Kuna video za kilimo ambazo naweza kuzibeba bila kuvunja sheria? Kwa Kiingereza hazinisaidii. – Afisa Ugani, Kasese

JIBU: Zipo ndugu yangu. Ingia tovuti ya Access Agriculture, wana video za mafunzo ya wakulima, nyingi wakulima wenyewe ndo wanaonyesha, na zimetafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kimo na Luganda pia imo, na wanaruhusu kuzipakua. Kwa wenzako wa afya kuna Global Health Media Project, nao wanatoa bure video za mafunzo ya wakunga na wauguzi, kuna za Kiswahili, na za kunyonyesha ambazo yule mama wa Mbale angezibeba zimo. Nenda siku moja mjini penye intaneti nzuri, pakua zote unazohitaji, uweke kwa slaidi kama nilivyomweleza mwalimu hapo juu. Faili likiwa zito nenda File, Info, Compress Media uchague 480p, kwa projekta ndogo ukutani wakulima wataona vizuri tu. Ila fanya hivyo kwa kopi, ile ya asili iache.

SWALI: Natumia Google Slides, nikiweka video kwenye Drive yangu badala ya YouTube itacheza bila intaneti? Na mbona slaidi zangu za mwaka 2012 zilizokuwa na YouTube siku hizi hazichezi hata nikiwa na bando? – Mwanafunzi, Wandegeya

JIBU: La kwanza hapana, Drive nayo iko intaneti, kwa hiyo kama ukumbi hauna mtandao hamishia kazi yako PowerPoint na uweke faili lenyewe. Kizuri cha Google Slides ni kwamba hata klipu ya YouTube unaweza kuiambia ianzie wapi na iishie wapi, bonyeza video, Format options, Video playback, unaandika dakika na sekunde.

La pili, klipu za enzi za PowerPoint 2010 zilipitia Flash, ile programu ya Adobe ya kuchezesha video, sio flashi ya kubebea mafaili, na Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo hata ungekuwa na bando la mwezi mzima haziamki. Futa kile kisanduku, tafuta ile klipu upya YouTube, kama bado ipo ipesti tena kwa Online Videos.