Maswali Yenu: Bima Iliyomo Ndani ya Simu, Mkopo na Mfuko wa Mbegu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu bima ambayo aliyeandika hakwenda kuitafuta. Ilikuja pamoja na simu, laini, mkopo, hata mbegu za mahindi. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Nilinunua simu kwa mkopo wa kulipa kila siku. Dukani waliniambia "ina bima". Kioo kimepasuka, sasa wanasema bima haihusu kioo. Nimeibiwa? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

Inawezekana hujaibiwa, lakini ni wazi kwamba hukuonyeshwa ulichouziwa. Dukani neno "bima" hutumika kwa mambo matatu tofauti. La kwanza ni waranti ya kiwanda, ambayo inahusu ubovu wa kutengenezwa tu. Simu ikianguka, waranti haihusiki. La pili ni bima ya kifaa, inayolipa kioo, maji au wizi kulingana na yaliyoandikwa. La tatu ni bima ya mkopaji: ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu, inamalizia deni la simu, basi. Simu za kulipa kidogo kidogo mara nyingi huja na hiyo ya tatu, kwa sababu anayekopesha anahofia deni lake zaidi ya kioo chako.

Rudi dukani uombe cheti cha bima, au ujumbe wa simu unaotaja jina la kampuni ya bima na namba ya mkataba. Duka halibebi hasara. Kazi yake, kwa uchache, ni uwakala. Kama hawawezi kutaja kampuni iliyoko nyuma ya bima hiyo, peleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, kwa maandishi, ukiambatisha risiti.

Ikibainika kwamba una bima ya kifaa, usimpe fundi simu kabla kampuni haijaikagua. Madai mengi ya kioo hufia hapo: kioo kipya kimeshawekwa, ushahidi umetupwa. Tazama pia sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Tuseme matengenezo ni shilingi 90,000 na mkataba unakutaka uchangie asilimia 20. Utatoa 18,000, kampuni itatoa 72,000.

Kwa wizi, namba ya IMEI, yaani namba ya pekee inayotambulisha kila simu, ndiyo roho ya dai. Bonyeza *#06# leo, uiandike mahali pengine mbali na simu. Ukiibiwa, funga laini, nenda polisi upate RB (namba ya taarifa yako ya wizi), kisha toa taarifa kwa kampuni ndani ya muda wa mkataba, ambao unaweza kuwa saa 24 tu. Na usiache kulipa deni wakati dai linashughulikiwa, maana mkataba wa mkopo na mkataba wa bima ni vitu viwili. Ucheleweshaji wa kimoja hausimamishi kingine.

Mume wangu alikuwa na mkopo benki, akafariki. Afisa mikopo anatutaka sisi ndugu tuendelee kulipa. Sikumbuki kusikia habari za bima. (Mama wa watoto wawili, Nyamagana, Mwanza)

Pole sana, mama. Kwanza, usisaini karatasi yoyote ya kulichukua deni hilo hadi upate jibu la maandishi kuhusu bima. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoacha. Mjane au ndugu hadaiwi mfukoni mwake isipokuwa kama alikopa pamoja naye au alisaini kuwa mdhamini.

Bima ya mkopo, ile inayomalizia deni mkopaji akifariki, imeingizwa katika mikopo mingi ya benki, hasa ya watumishi, na mteja huiona mara moja tu, siku ya kusaini. Tafuta mkataba wa mkopo na taarifa ya akaunti ya siku fedha zilipoingia. Kama aliidhinishiwa 3,000,000 na zikaingia pungufu, katika makato hayo huenda imo bima.

Kisha iandikie benki barua, usiishie kwa afisa mmoja kwa mdomo. Toa taarifa ya kifo, omba nakala ya mkataba wa bima ya mkopo na salio la deni kama lilivyokuwa siku ya kifo. Ambatisha cheti cha kifo cha RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), taarifa ya hospitali kama ipo, na nakala ya kitambulisho cha marehemu. Bakiza nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri huo ndio utakaokulinda wakisema mlichelewa.

Malipo ya bima hii huenda benki moja kwa moja, kwa hiyo msisubiri fedha mkononi. Mnachosubiri ni barua ya kufutiwa deni. Makato yaliyofanywa baada ya tarehe ya kifo, dai likikubaliwa, mna haki ya kuyadai. Penye utata ni hapa: bima nyingi hulipa salio kama linavyopaswa kuwa kwenye ratiba, na malimbikizo pamoja na faini hubaki kwa mirathi. Utata mwingine hutokea mkopo unapoongezewa katikati. Kama nyongeza haikukatiwa bima yake, sehemu hiyo haina kinga. Kampuni pia inaweza kukataa ikiwa fomu iliuliza kuhusu ugonjwa na jibu halikuwa la kweli. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu. Usipokubaliana nayo, ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo kwa ajili hiyo.

Kwa wale wanaokopa sasa, jambo moja la hesabu ambalo tunaona linapitwa mno. Bima ikiunganishwa kwenye mkopo badala ya kulipwa taslimu, nayo inatozwa riba. Bima ya 45,000 ikiongezwa kwenye mkopo wa miezi 36 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, salio likipungua kila mwezi, mwishoni utakuwa umeilipia kama 58,600. Na ukimaliza mkopo kabla ya muda, omba sehemu ya bima ya miezi iliyobaki irudishwe kama mkataba unaruhusu. Usipoomba, uwezekano ni mdogo kwamba mtu atakukumbusha.

Kila siku nakatwa fedha kidogo kwenye salio, nikaambiwa ni bima ya kulazwa hospitali. Nitajuaje kama inafanya kazi? (Kijana wa bodaboda, Morogoro)

Angalia kwanza laini imesajiliwa kwa jina la nani. Bima za namna hii humfuata mtu aliyesajiliwa au aliyeandikishwa, hazimfuati mshika simu. Kama laini yako ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yako, ukilazwa wewe dai linaweza kukwama palepale mwanzoni.

Pili, salio. Katika bima nyingi za makato ya kila siku, michango ya mwezi huu ndiyo inayonunua kinga ya mwezi ujao. Siku ambazo laini haikuwa na kitu hakuna kilichokatwa, na kinga inapungua au inakosekana kabisa. Ingia kwenye menyu ya bima ya mtandao wako mwanzoni mwa kila mwezi usome kiasi cha kinga ulichofikisha.

Bima ya kulazwa hulipa kiasi maalumu kwa kila usiku uliolala wodini, hadi idadi fulani ya usiku kwa mwaka. Kutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo hakuhesabiki. Kabla ya kutoka hospitali, hakikisha fomu ya kuruhusiwa ina jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na muhuri. Herufi moja iliyokosewa kwenye jina imewachelewesha wengi. Kama huitaki, jitoe kwa menyu hiyohiyo, kisha tazama salio kwa siku mbili tatu uone kama makato yamekoma.

Na bima iliyobebwa na huduma nyingine inaweza kuondoka nayo. Zimbabwe waliliona hili: EcoLife, bima ya maisha waliyopewa wateja wa kampuni ya simu ya Econet kulingana na salio walilotumia, ilianza mwaka 2010, na katikati ya 2011 ikasimamishwa kwa mgogoro wa wabia wenyewe. Watu wapatao milioni 1.6 walibaki bila kinga. Kwa hiyo usiifanye kuwa kinga pekee ya familia yako.

Ndani ya mfuko wa mbegu za mahindi nilipata kadi ya kukwaruza inayosema nitalipwa mvua ikikosa. Ni kweli? Mwaka jana niliitupa. (Mkulima, Embu, Kenya)

Ni kweli, na inasikitisha kwamba kadi nyingi huishia kwenye takataka. Kenya ina historia ndefu ya jambo hili. Kilimo Salama, mpango wa bima ya kilimo ulioanza mwaka 2009, ulimtaka mkulima aongeze asilimia 5 juu ya bei ya pembejeo, kampuni za pembejeo zikachangia kiasi kama hicho, vituo vya hali ya hewa vikapima mvua, na fidia ikatumwa kwa M-Pesa bila mtu kuja kukagua shamba. Kadi ya ndani ya mfuko wa mbegu ni mtoto wa mpango ule. Gharama yake imeshalipwa na anayeuza mbegu.

Kinga haianzi hadi uisajili. Kwaruza, piga namba iliyoandikwa, weka msimbo, na ufanye hivyo siku ya kupanda, ukiwa shambani. Mfumo hutambua mahali simu ilipo na kuanza kufuatilia mvua ya eneo hilo kwa setilaiti, kwa kawaida wiki tatu hivi za mwanzo. Ukisajili ukiwa sokoni, watapima mvua ya sokoni. Kila mfuko una kadi yake. Ukipanda mitano na kusajili mmoja, umekinga mmoja.

Usiichanganye na kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mbegu na mimea, ambacho pia hukwaruzwa. Msimbo wa KEPHIS unatumwa kwa SMS kwenda 1393 kuthibitisha kwamba mbegu ni halali. Fanya hilo dukani kabla ya kulipa.

Usitarajie kulipwa gunia ulizokosa. Fidia ni thamani ya mbegu, ili upande tena msimu ukiwa bado unaruhusu. Viwavi havimo, na ukame unaokuja mahindi yakitoa mbelewele haumo. Tena setilaiti hupima eneo, haipimi shamba lako peke yake: mvua ikinyesha kwa jirani na kukuruka wewe, unaweza kukosa. Huo ni udhaifu halisi wa bima hizi, na muuzaji anapaswa kukwambia waziwazi kabla hujaondoka na mfuko.

Mgeni wangu anatoka Uingereza kuja Zanzibar. Ana bima yake ya safari, lakini anatakiwa kulipa dola 44 za bima nyingine. Ni utapeli? (Msomaji, Unguja)

Siyo utapeli. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni kutoka nje wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC, na bima ya kutoka nyumbani haichukui nafasi yake. Alipe mwenyewe kupitia tovuti rasmi ya serikali, na ahakikishe jina na namba ya pasipoti vinalingana na pasipoti atakayosafiria. Akitafuta kwa haraka mtandaoni anaweza kuangukia tovuti za mawakala wanaoongeza bei, kwa hiyo kiasi kikizidi 44 kwa mtu mzima, asimame na aangalie anwani ya tovuti upya. Ile bima yake ya Uingereza asiifute. Inaweza kumlinda kwa mambo ya kabla ya kufika, kama safari kuahirishwa.