Meli ya kufagia mabomu huishi miaka mingapi?

SWALI: Mimi ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, Lamu. Nimesoma kwamba meli za kivita za kufagia mabomu ya baharini huundwa kwa mbao, na hupumzishwa zikifika miaka 30 hivi. Kwetu jahazi la umri huo bado labeba mchanga na boriti. Je, mbao zao ni duni?

JIBU: Fundi wangu, si duni hata kidogo. Waingereza waliunda meli zaidi ya 100 za aina ya Ton miaka ya 1950, mbao za mkangazi tabaka mbili juu ya mataruma (mbavu za meli) ya alumini. Mojawapo, HMS Bronington, ilianza kazi 1954, ikapumzishwa 1988.

Mara nyingi kinachoimaliza meli hiyo ni kazi yake. Bomu la sumaku hulala chini likingoja chuma kipite juu. Mbao huisaidia meli isihisiwe na bomu, lakini hazitoshi: injini, nanga, hata vyombo vya jikoni hupimwa usumaku, na ndani hupitishwa nyaya za umeme za kuufifisha ule uliobaki. Kila matengenezo yakiongeza chuma kidogo, maisha ya mabaharia yanakuwa hatarini. Tena mitambo ya kusaka mabomu kwa sauti huchakaa na kupitwa na wakati mapema kuliko mbao. Basi jeshi huiacha meli ambayo bado inaelea vizuri.

Tazama meli Calypso. Iliundwa Marekani mwaka 1942 kufagia mabomu, ikawa feri ya Malta, kisha mpiga mbizi Mfaransa Jacques Cousteau akaitumia kwa utafiti wa bahari hadi 1996, ilipogongwa na tishari Singapore ikazama. Miaka 54, na hata hapo haikuzamishwa na uzee.

Adui wa mbao unamjua: maji ya mvua yanayotuama chini ya sitaha, kuliko ya chumvi. Wamarekani walipounda aina ya Avenger walizifunika mbao kwa faibaglasi. Meli ya kwanza ilitumika 1987 hadi 2014. Waingereza walikwisha kuziacha mbao: HMS Wilton ya 1973 ilikuwa faibaglasi tupu.

Adui wa pili ndiye ninayetaka umwangalie sana, hasa ukitia injini ya dizeli kwenye jahazi. Shaba na chuma vikiunganishwa ndani ya maji ya chumvi huzaa umeme mdogo. Chuma hulika, na mbao zilizo karibu hulainika, huku nje rangi ikiwa nzima. Wakaguzi wa meli za mbao huchomoa misumari michache ili waone hali yake. Nawe fanya hivyo kila unapolipandisha jahazi wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana. Karibu na rafadha (panga la kusukuma chombo) ya shaba funga kipande cha zinki, kilike badala ya misumari. Lakini usizidishe, maana zinki nyingi mno huziozesha mbao zenyewe. Ukiona ungaunga mweupe kuzunguka bolti, punguza mara moja.